Sanduku la Kushoto

Nicodème hupima pikipiki kwa maharage. Mafundi wengine wa masanduku hufunga, wakatikisa kwa mkono mara mbili, wakasema imekaa, wakaenda zao. Yeye hapana. Huja na mifuko miwili ya maharage ya shamba lake la Juru, kwenye makazi ya wakimbizi, kilo kumi kila mfuko, akatia mmoja sanduku la kulia na mmoja la kushoto, akapanda, akazunguka nusu saa akitafuta mashimo kwa makusudi. Akifika penye tambarare huachia usukani kidogo aone pikipiki inavuta upande gani. Ikivuta hata kidogo anarudi, anafungua kila nati, anaanza upya.

Nilipomwona hivyo mara ya kwanza nilimwambia, "Fundi, hiyo ni pikipiki, si mizani ya sokoni."

Akacheka. "Mama Nusura, muzigo ukilala upande moya, njia itakufunza."

Mimi ni Sharifah. Baba yangu alikuwa sajini, nimezaliwa na kukulia kambini hapa Mbarara, na Kiswahili changu ni cha kambini: hata kikiomba maji kinaamrisha. Nauza vitambaa. Mume wangu Nasif anauza vifaa vya simu. Subira sina, na kila mtu mtaani kwetu anajua. Namsimulia Nicodème kwa sababu watu wa mjini wakimwona kwenye baiskeli yake husema "yule mkimbizi," basi, wamemmaliza. Tena nilimkosea, na mpaka leo hajui.

Mengine haya niliyajua nimeshachelewa, lakini nitayatanguliza ili mnielewe.

Kwao ni milimani, juu ya Butembo, Kongo. Yeye na mdogo wake Appolinaire walianza utotoni kuchonga chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali ambazo watu wa huko hushuka nazo mlimani na magunia ya viazi. Mzigo wa chukudu ukikaa vibaya unakwenda korongoni pamoja na wewe, kwa hiyo kusawazisha alijifunza kwa hofu. Baadaye mapadri wakamfundisha kuchomelea. Kisha watu wenye bunduki wakamuua baba yake ndani ya shamba la kahawa, na Nicodème akaziona sura zao, nao wakamwona akiwaona. Alimpandisha mama yake kwenye keria ya pikipiki, akamfunga mgongoni kwake kwa kitenge cha njano na kijani asianguke, wakaja Uganda. Appolinaire, ambaye siku ile hakuwepo shambani, alibaki.

Mama huyo aliitwa Kyakimwa. Aliishi Juru miaka tisa na hakukubali upandwe hata mgomba mmoja nyuma ya nyumba. Maharage sawa, mahindi sawa, kwa sababu hayo unavuna na kuondoka. Mgomba ni wa mtu anayekaa. "Mimi sikai hapa," alisema. Aliugua kifua wakati wa mvua, na alipokuwa anakata roho alimshika mwanawe mkono akamwambia, "Usiniache hapa." Nicodème akamzika Juru kwa sababu hakuwa na namna. Lakini kwao, mtu akifia ugenini na mwili hauwezi kusafiri, hukatwa nywele na kucha, zikapelekwa nyumbani, zikazikwa kaburini kama yeye mwenyewe. Mpaka zifike, matanga hayafungwi. Appolinaire kule hakunyoa, Nicodème huku hakunyoa. Nywele na kucha za mama zikakaa miaka miwili ndani ya kopo la rangi ya viatu, juu ya mlango, na kila usiku, aliniambia, alihisi kopo linamtazama.

Yeye mwenyewe kurudi ilikuwa ni kujipeleka kwa wale waliomwona. Kutuma nako kulimshinda. Dereva mmoja alikubali, alipoambiwa ndani kuna nini akamrushia kopo. Mama mmoja mchuuzi wa samaki alimwambia amwondolee mikosi. Na si wajinga. Nani hapa kwetu atakubali kubeba nywele na kucha za maiti? Ukikutwa nazo hakuna polisi atakayekusaidia.

Hapo ndipo mume wangu alipoingia, na pikipiki yake.

Nasif alikuwa amechoka na barabara za Kongo. Mzigo wake ni mwepesi lakini una thamani, vioo vya simu na chaja, na magari kule hukwama kwenye matope siku tatu. Akanunua pikipiki ya safari kwa mzungu mmoja aliyekuwa anaondoka. Si boda hii ya kawaida, wala si lile dude la polisi wa msafara. Ni ya kati, ndefu ya miguu, tairi za meno. Ila ilikuja uchi. Hakuna keria, hakuna sanduku, hakuna bampa ya kulinda injini ikianguka. Nasif, ambaye hupeleka simu Rwekubo, mji mdogo jirani na Juru, kila wiki, akasikia huko sifa za Nicodème, akampa kazi. "Nataka niende nayo Butembo," akamwambia.

Sasa fikiria moyo wa mtu yule alipoambiwa Butembo.

Na fikiria wangu. Kwa sababu mimi Butembo nilikuwa na maneno yangu nayo. Jirani yangu mmoja, mdomo wake haufungwi hata na Ramadhani, alikuwa amenidokeza kwamba Nasif ana mwanamke huko. Nilimuuliza Nasif, akaapa. Wanaume huapa. Kwa hiyo pikipiki ile nilikuwa naiona kama daraja analomjengea mke mwenzangu uani kwangu, na mimi ndiye nampikia fundi chakula.

Nicodème alichomelea vyuma Rwekubo, kisha akaja kuvifunga kwetu, siku tatu. Alikuwa mwembamba, nywele timtim, ndevu hovyo. Nikamwuliza kama huko Juru wembe umepigwa marufuku, akatabasamu tu. Nilipenda kumtazama akifanya kazi, sitadanganya. Alifunga bampa. Alifunga vikinga mikono, kioo cha upepo kirefu zaidi, na soketi ya kuchajia simu kwenye usukani, waya zake akazificha chini ya tangi vizuri usione hata moja. Sanduku la kulia alilikata kwa ndani kwa sababu bomba la moshi linapita upande huo, akaweka bati la kukinga joto, akashika pale kwa kiganja injini ikiwa inaunguruma mpaka akaridhika. La kushoto halikuwa na bomba, likatoka kubwa zaidi. Ndipo akatoa maharage yake.

Siku ya tatu, anakula, akaniuliza bila kuinua macho, "Mama Nusura, ninyi mutu wenu akifa fasi ya mbali, munafanya namna gani?"

Nilikuwa nina haraka, nina wateja dukani, nina Butembo kichwani. Nikamjibu, "Tunamzika hapo hapo alipofia, fundi, na mapema. Ardhi yote ni ya Mungu. Mambo ya kuhangaika na maiti si yetu."

"Eee," akasema. "Ni muzuri." Akaendelea kula.

Baadaye nimelirudia jibu lile mara nyingi sana. Alikuwa amefika mlangoni kuniomba, nami nikamfungia. Kama ningemwuliza tu, kwa nini unauliza? Lakini mimi niliinuka nikachukua sahani.

Jioni, wakati wa kuaga, akamwambia Nasif kwamba nati za keria mpya hulegea baada ya kilomita mia chache za njia mbaya. Akifika Butembo ampe pikipiki mdogo wake Appolinaire azikaze, bila malipo, ni fundi kama yeye. Nasif akashukuru. Ni kweli, nati hulegea, uliza fundi yeyote. Hakudanganya hata neno. Aliacha tu kusema kwamba chini ya sanduku la kushoto kuna sakafu ya pili.

Nikaigundua mimi. Alhamisi asubuhi Nasif alikwenda mjini kufuata karatasi zake za mpakani, nami nikawa napanga mizigo. Chaja zilikuwa ndani ya vikasha vya ukubwa mmoja. Sanduku la kulia, lile dogo lililokatwa, likala vikasha kumi na viwili. La kushoto, kubwa, likala kumi na viwili, kifuniko kikagoma. Ebo! Mimi ni muuza vitambaa, jicho langu ni futikamba. Nikapima kwa shubiri nje, nikapima ndani. Shubiri nzima kasoro vidole viwili haipo. Nikagonga sakafu, ikalia kama debe tupu.

Nati nne ndogo. Nikaleta spana namba kumi ya Nasif.

Sakafu ile ilikuwa bati la kopo la mafuta ya msaada lililonyooshwa, maandishi yake bado yanaonekana. Chini yake pamba imeshindiliwa, na katikati ya pamba kopo la rangi ya viatu. Mtoto wa kambi analijua kopo lile. Nimelitumia kung'arishia buti za baba utoto wangu wote. Nikalifungua. Ndani kifurushi cha kitenge cha njano na kijani, kimeshonwa kwa uzi mweusi. Nikakata uzi kwa wembe.

Nywele nyeupe, na kucha. Kucha nene, za njano, za mtu mzee.

Sikupiga kelele. Sisi kambini tulifundishwa ukiogopa usipige kelele. Nilikaa chini pale pale, na kichwa kikapanga kila kitu upesi upesi, kama hasira inavyopanga. Mwanamke wa Butembo. Ana fundi wake, Mkongo mwenzake. Amemtengenezea mume wangu dawa, inasafiri naye, inalala naye, mpaka ifike kwake na Nasif asirudi tena. Na yule fundi nimempikia siku tatu! Na ananiuliza habari za maiti, ananicheka! Yarabi, nilimchukia. Kama angekuwa amesimama mbele yangu ningemgonga na ile spana.

Sigiri ilikuwa na moto, nilikuwa nimeteleka chai. Nikaondoa birika, nikamimina vyote, nywele na kucha. Harufu ilijaa uani. Nilisoma Ayatul Kursiyyu mpaka moto ukamaliza kazi yake, kisha nikachukua jivu kwa kipande cha bati nikalimwaga shinani mwa mgomba ulio nyuma ya jiko, mahali tunapomwaga majivu siku zote.

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini hasira hasara. Nilitaka aliyetuma arudishiwe. Nikachukua karatasi, nikaandika kwa kalamu nyekundu: Ulichomtakia mume wangu kikurudie wewe na kizazi chako, na nyumba yako isitulie. Nikaikunja ndani ya pamba, nikaifunga kwa kitenge kile kile, nikashona kwa uzi mweusi nikipitisha sindano kwenye matundu yale yale. Mshono wangu hautambuliki. Kopo likarudi, sakafu ikarudi, nati nne zikarudi. Nasif aliporudi nilimwambia chaja nne hazikutosha. Sikumwambia kitu kingine, kwa sababu angesema ni wivu.

Alisafiri Ijumaa baada ya swala. Siku tisa. Nami siku zote tisa nilikuwa nasubiri habari kwamba huko Butembo kuna mwanamke amepatwa na jambo. Naona aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nasif akarudi mzima, amekonda kidogo, ananisifia fundi. Pikipiki haikuvuta upande hata mara moja. Na mdogo wake, akasema, mtu wa ajabu: alishinda na pikipiki kutwa nzima, akairudisha nati zimekazwa, imeoshwa mpaka chini ya matairi, na machozi machoni. "Nilidhani amefiwa," Nasif akasema.

Wiki ya tatu Nicodème akaja. Alipanda baiskeli toka Juru, mwendo wa saa tano, na mifuko yake miwili ya maharage kwenye keria, mmoja kila upande, zawadi kwetu. Sikumtambua mara moja. Alikuwa amenyoa kichwa na ndevu, amevaa shati jeupe, anaonekana mdogo kwa miaka kumi. Nasif hakuwepo. Nilisimama mlangoni nikiwa tayari kumtukana, matusi nimeyapanga kama askari kwenye paredi.

Akapiga goti.

"Mama Nusura, nilifanya mubaya," akasema. "Nilificha kintu mu sanduku yenu, sikuomba ruhusa. Niliogopa mutakataa. Bantu bote balikataa." Akanieleza, palepale amepiga goti. Baba yake, kahawa, pikipiki ya kukimbia, kitenge. Mama yake na migomba. Usiniache hapa. Kopo juu ya mlango.

Nikashika fremu ya mlango.

"Appolinaire alifungua?" nikauliza. "Kile kifurushi, alikifungua?"

"Apana! Kwetu habafungui. Nguo ya mufu ni kama ngozi yake, haipasuliwe. Alimutia mu udongo vile vile, pembeni ya baba. Bantu balijaa. Baliimba usiku muzima. Asubui balinyoa bote, na mimi Juru nikanyoa, saa ile ile, tulikuwa ku simu." Akajipapasa kichwa, akacheka, na machozi yanamtoka. "Mama iko kwetu. Sasa niko nalala, Mama Nusura. Miaka mbili sikulala. Unisamehe, na patroni Nasif anisamehe."

Pembeni ya baba yake, kwenye shamba la kahawa, imezikwa laana yangu kwa wino mwekundu. Watu waliiimbia usiku mzima.

Kinywa nilikifungua. Naapa kwa Mungu nilikifungua. Na maneno yaliyotoka, mimi Sharifah, mtoto wa sajini, ninayesemwa sina breki mdomoni, yalikuwa haya: "Nimekusamehe, fundi. Simama."

Nikampa chai. Chai kutoka sigiri ile ile. Nilimimina huku machozi yananidondoka, akadhani ninamlilia mama yake, akanipoza. "Usilie, amefika." Alikunywa vikombe viwili. Kisha akatoka uani kunawa, akakaa sana, nikamfuata. Alikuwa amesimama nyuma ya jiko anautazama mgomba. Mkungu wake ulikuwa umeiva mpaka ndege wanaula. Tangu siku ile ya moto sikuwa nimeruhusu mtu aukate. Nasif aliuliza, nikamjibu kwa ukali, akaacha.

"Inaoza, Mama Nusura. Kwa nini hamukati?"

"Iache tu."

"Ni ndizi ya muzuri. Shina yake ina nguvu." Akainama, akagusa chipukizi lililochomoza pale pale penye majivu, la kimo cha goti. "Unaweza kunipa hii? Mama alinikataza kupanda. Alisema mugomba ni ya mutu anayekaa. Sasa yeye amefika kwetu, mimi njo ninabaki. Nitaipanda nyuma ya nyumba."

Nikasema lichukue jingine, lile la kule ukutani ni kubwa zaidi. Akasema hapana, hili limeshiba, tazama udongo wake. Nikasema mgomba huu una wadudu. Akachimbua kidogo na kidole, akanionyesha mizizi, myeupe, safi. Ningefanya nini? Kulikuwa na neno moja tu la kumzuia, na neno hilo lingemrudishia kopo juu ya mlango, na safari hii likiwa tupu. Nikaingia ndani nikamletea jembe.

Akalichimbua taratibu na bonge lake la udongo, akalifunga kwenye gunia, akalipandisha kwenye keria ya baiskeli upande wa kushoto. Baiskeli ikainama. Akatazama huku na huku akitafuta cha kusawazisha, nikampa sukari kilo tano na mchele, akafunga kulia. Akaitikisa, akaisukuma hatua kadhaa, akaachia usukani kidogo. Ilivuta bado.

"Shika hapa," akaniambia.

Nikashika kamba ya upande wa kushoto, nikaikaza kwa mikono yangu yote miwili kama alivyonielekeza, chipukizi likatulia dhidi ya tandiko. Akajaribu tena, haikuvuta. Akanishukuru, akanibariki mimi na Nusura na nyumba yangu, akapanda, akashika njia ya Rwekubo. Bibi Kyakimwa alikuwa anarudi Juru, amefungwa nyuma ya mwanawe kama alivyokuja mara ya kwanza, na fundo nilikuwa nimelikaza mimi.